Bomba Lapita Uani, Maji Hunywi: Reli na Barabara Zetu Zilichorwa kwa Ajili ya Nani?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kituo cha daladala cha Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kimeshajaa. Gari linaingia likiwa na nafasi chache, konda anaruka chini kabla halijasimama vizuri, anaziba mlango kwa mkono na kutangaza, "Wanafunzi wawili tu!" Wawili wanapenya chini ya kwapa lake. Wa tatu, msichana wa darasa la nne au la tano mwenye begi pana kuliko mgongo wake, anarudi nyuma hatua moja na kuwapisha watu wazima, bila kulalamika, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Hakuna sheria inayomzuia mtoto huyu kupanda. Kinyume chake, serikali imempangia nauli ndogo kuliko ya mtu mzima ili asome bila kuwaelemea wazazi wake, na ni nauli hiyo hiyo inayomfanya aachwe kituoni, kwa sababu kiti anachokalia ni kile kile, dizeli inayochomwa ni ile ile, hesabu ambayo dereva anatakiwa kumpelekea tajiri jioni ni ile ile, na hakuna anayelipa tofauti.

Nimeanza na mtoto huyu kwa sababu siku hizi maneno "miundombinu jumuishi" yanasikika kila mahali, katika hotuba za bajeti, katika uzinduzi wa barabara na katika mijadala ya redio, na wengi wetu tunayasikia bila kupewa maana yake. Wapo wanaodhani yanahusu tu vile vinjia vya mteremko vya viti vya magurudumu kwenye milango ya majengo. Wapo wanaodhani ni maneno ya wafadhili yasiyo na mizizi kwetu. Na wapo, nao ni wengi, wanaosema kwamba lami haina ubaguzi: ikishamwagwa, tajiri na maskini wote wanapita. Kauli hii ya mwisho ina mvuto wake, na ndiyo inayohitaji kufunguliwa kwa subira, kwa kuwa historia ya reli na barabara za Afrika Mashariki inaonyesha vingine.

Miundombinu ya usafiri ni zaidi ya reli na lami. Ndani yake mna kituo, kivuko, daraja, njia ya miguu kando ya barabara, ratiba, na hata kanuni ya nauli, kwa sababu vyote hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyoamua kama mtu atafika au hatafika. Ujumuishi wa kijamii, kwa maana rahisi, ni hali ya kila mtu kuweza kuvitumia vitu hivyo kuyafikia mambo ya lazima ya maisha, yaani kazi, shule, soko, zahanati, mahakama na msiba wa ndugu, kwa gharama anayoimudu na bila kudhalilishwa. Utengaji ni pale ambapo baadhi ya watu hawawezi, na si lazima pawe na kibao cha "marufuku". Mtu hutengwa kwa sheria, naam, lakini hutengwa pia kwa bei, kwa ngazi asizoweza kuzipanda, na kwa ramani, pale njia inapopita mbali naye, au inapopita karibu naye bila kusimama.

Huko kutengwa kwa ramani ndiko watu hukuona kwa shida zaidi, kwa hiyo nitatumia mfano wa nyumbani. Bomba kuu la maji limechimbiwa uani kwako. Wakati wa kuchimba, mihogo yako iling'olewa, ukuta ukabomolewa, na vijana wa mtaa wakapewa vibarua vya wiki mbili. Bomba linapeleka maji kwenye kiwanda kilicho kilomita tano mbele. Wewe unaendelea kununua maji kwa ndoo. Ukilalamika unaambiwa, "Lakini bomba si lipo hapa kwako?" Lipo. Kisichokuwepo ni koki.

Reli za kwanza za Afrika Mashariki zilikuwa hivyo.

Kabla yake, mizigo ya bara ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea kati ya maziwa makuu na pwani wakiwa na karibu kilo 30 begani. Kazi ilikuwa ngumu na wengi walifia njiani, ila ilikuwa na ujira na heshima yake, na vijiji vya njiani viliuza chakula. Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi karibu miongo miwili baadaye. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Waingereza nao walianza Mombasa mwaka 1896, wakafika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ziwani Kisumu mwaka 1901. Kwa ujenzi huo wa Waingereza waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa.

Watu hawa waliolaza mataruma nao hawakuhesabiwa kuwa wenye reli. Wengi walirudi kwao. Waliobaki wakifungua maduka na kufanya kazi karakana walikuta, kuanzia mwaka 1908, kwamba sera ya serikali ya Uingereza haiwapi Waasia ardhi katika nyanda za juu ambazo reli yao ilizifungua. Nyanda hizo zilikuwa za walowezi wa Kizungu, ambao serikali iliwakaribisha kwa hoja ya wazi kabisa: reli imegharimu mamilioni ya pauni, haina mizigo ya kutosha, basi waje watu wa kulima mazao ya kuijaza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mkataba wa mwaka 1904 kati ya serikali ya kikoloni na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana. Katika maandishi yake Wamaasai wanatajwa kukubali kuhamia kwenye hifadhi zilizotengwa mbali na reli na mbali na ardhi itakayofunguliwa kwa Wazungu. Msomaji atazame maneno hayo kwa makini. Hapa hatubahatishi nia ya mtu, wala hatutafsiri ramani. Mkataba wenyewe unasema kwamba jamii moja iondoke kando ya njia ya usafiri ili jamii nyingine ikae hapo. Mkataba uliahidi pia njia yenye upana wa nusu maili ya kuunganisha hifadhi ya kaskazini, Laikipia, na ile ya kusini, ili watu na mifugo wapite. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili uliowahamisha Wamaasai kutoka Laikipia, na njia iliyoahidiwa haikuwa tena na pa kuelekea.

Baada ya njia kuu yakafuata matawi, na hapo ndipo penye funzo kwa anayetaka kujua jinsi uamuzi wa kihandisi unavyobeba uamuzi wa kijamii. Katika miaka ya 1920 reli ya kwenda Uganda iliongezwa kupitia uwanda wa Uasin Gishu. Ilipanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikapita Eldoret na mashamba ya walowezi, wakati nchi yenye watu wengi upande wa ziwa ingeweza kupitiwa. Matawi mengine yalielekezwa Kitale, Solai, Nyahururu na Nanyuki. Ukiyafuata kwa kidole kwenye ramani unafuata mashamba makubwa.

Nauli za mizigo nazo zilikuwa na upande. Mahindi ya walowezi yanayokwenda nje yalipewa bei ya chini sana ya kusafirishwa, ilhali bidhaa zinazoingia, kama nguo zilizouzwa kwenye maduka ya vijijini, zilibeba bei ya juu. Ni kama duka la mtaa ambalo mwenye duka anamuuzia rafiki yake sukari kwa hasara, kisha anaifidia hasara hiyo kwenye chumvi na kiberiti ambavyo kila mtu lazima anunue. Mwanamke wa Nyanza aliyenunua doti ya kanga alikuwa anamchangia nauli mkulima wa Kitale, pasipo wao wawili kujuana, na pasipo yeye mwenyewe kukanyaga treni.

Waliopanda treni walipangwa kwa madaraja. Kwa desturi ya wakati ule daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Waasia, la tatu la Waafrika, na ndani ya la tatu mlikuwa na mabenchi, msongamano na mizigo juu ya magoti. Mtu anaweza kusema kuwa madaraja ya tiketi yapo dunia nzima na kwamba anayelipa zaidi hukaa vizuri zaidi. Ni kweli, lakini mshahara wa Mwafrika ulipangwa na serikali ile ile na waajiri wale wale, na tangu mwaka 1919 na 1920 wanaume wa Kenya walilazimika kutembea na kipande kinachoonyesha wanafanya kazi kwa nani. Ukimpangia mtu mshahara, ukampangia na pa kuishi, halafu ukamwambia achague daraja alitakalo, umemwachia uchaguzi gani?

Kwa reli za Tanganyika nitasimama mahali pamoja tu, Kusini, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na kwa ajili yake wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilishindwa vibaya. Mapema miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Watu wa Kusini hawakushindwa. Walikuwepo kabla ya karanga na walibaki baada yake, wakilima mihogo, ufuta na korosho. Ila reli haikuwa imejengwa kwa ajili yao, kwa hiyo mzigo uliokusudiwa ulipokosekana, wao peke yao hawakuonekana kuwa sababu tosha ya kuibakiza.

Yaliyofuata nayakumbuka mwenyewe. Kwenda Dar es Salaam kutoka Lindi kulimaanisha kuuvuka mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea, safari ilikuwa ya kudra za Mungu. Tulilala kwenye foleni ya malori ya korosho, watoto tukiwa juu ya magunia, mama zetu wakibanana chini ya turubai na kununua chai ya rangi kwa mama ntilie aliyekuwa na jiko moja na vikombe sita. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda hospitali ya Muhimbili alisubiri kama magunia yalivyosubiri. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, miaka 42 baada ya uhuru. Katika miaka yote hiyo nilikuwa nasikia, hata kwa watu wenye elimu, kwamba watu wa Kusini "wamelala". Kauli hiyo bado inanichoma. Hakuna jamii inayolala. Ipo jamii ambayo mwalimu akipangiwa hafiki, dawa zikitumwa zinachelewa, na mnunuzi wa korosho akifika anataja bei yake kwa sababu anajua hakuna mwingine atakayevuka mto mwezi huo.

Miji nayo ilichorwa kwa namna hiyo. Dar es Salaam, Wajerumani walianza kugawa mji kwa aina za nyumba zinazoruhusiwa kila upande, na Waingereza wakauthibitisha mgawo huo katika miaka ya 1920. Wenyeji wakaupa majina ambayo hayajatutoka hadi leo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Viwanja vya wazi vya Mnazi Mmoja viliachwa kati ya Uhindini na Kariakoo, na uwazi huo ulikuwa mpaka. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi ilifuata mtindo huo huo, Wazungu magharibi kwenye miinuko, Waafrika mashariki, ng'ambo ya yadi za reli.

Mgawo wa makazi huonekana kama jambo la nyumba, ila kwa hakika ni jambo la usafiri. Anayeishi karibu na kazi anatembea kwa dakika kumi. Anayewekwa mbali anahitaji basi, na basi linahitaji nauli. Nairobi ilipata kampuni ya mabasi, Kenya Bus Service, mwaka 1934. Dar es Salaam ilipata ya kwake, Dar es Salaam Motor Transport, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mabasi yalikuwa machache, njia zake hazikufika kote, na mfanyakazi wa mshahara mdogo alitembea. Hadi leo, ukisimama asubuhi kwenye barabara zinazoingia eneo la viwanda la Nairobi kutoka Mukuru na Kibera, unakuta msururu wa watu wanaokwenda kwa miguu, kimya, kwa mwendo wa haraka, wengi wakiwa wamebeba viatu safi kwenye mfuko.

Baada ya uhuru serikali zilijaribu kurekebisha. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa, UDA ikibaki na mabasi ya mjini na KAMATA ikichukua ya mikoani. Lengo lilikuwa jema, na nauli zilizuiwa zisipande. Lakini mji ulikua kuliko mabasi, vipuri vikaadimika, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 watu walikuwa wakining'inia milangoni. Ndipo yalipotokea magari ya wizi, yaani yasiyo na leseni, yakiwemo yale ya wazi yenye mabenchi ya kutazamana yaliyoitwa chai maharage. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, makondakta wakaita "dala, dala!" hadi jina likaganda. Kenya ilikuwa imetangulia kidogo: matatu, ambazo jina lake limetokana na sarafu tatu za senti kumi kwa Kikikuyu, ziliruhusiwa na Rais Kenyatta mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalumu.

Wapo wanaoziona daladala na matatu kama vurugu iliyoharibu usafiri ulionyooka. Mimi naziona kwanza kama koki ambayo watu waliitoboa wenyewe kwenye bomba. Ziliingia Mbagala, Manzese, Kawangware na Kayole wakati ambapo hakuna basi rasmi lililotosha. Hata hivyo koki ya kutoboa ina kasoro yake, nayo ni kwamba kila aliye kwenye mnyororo anaishi kwa idadi ya nauli za siku hiyo, kwa hiyo abiria asiyelipa kamili, anayechelewa kupanda, mwenye mzigo mkubwa, mzee mwenye goti bovu, au mtu wa kiti cha magurudumu, anageuka kuwa hasara. Konda wa Gongo la Mboto si lazima awe mtu mbaya. Nimewahi kumsikia mmoja akisema kwa sauti ya chini kwamba ana watoto wawili wanaoachwa vituoni vivyo hivyo. Kumtukana yeye hakutampandisha yule msichana, kwa kuwa mpango wenyewe umemwekea maslahi yake upande mmoja na maslahi ya mtoto upande wa pili. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam Mei 2016, kwenye njia ya kilomita 20.9 inayoanzia Kimara, mwanafunzi alilipa shilingi 200 dirishani wakati mtu mzima akilipa 650, na dereva hakuwa na sababu ya kumchagua abiria mlangoni, maana tiketi ilikuwa imeshakatwa kabla basi halijafika. Msongamano wa mabasi hayo ni kilio kingine, na ni kilio cha haki, lakini katika jambo hili moja utaratibu ulibadilisha tabia bila mahubiri.

Niwageukie sasa watembea kwa miguu, kwa sababu wao ndio wanaosingiziwa zaidi.

Husemwa kwamba wanaovuka barabara kuu chini ya daraja la waenda kwa miguu ni wakaidi wasiothamini maisha yao. Tupige hesabu. Daraja la kupita juu ya malori linahitaji uwazi wa mita tano na nusu hivi. Ngazi ya kawaida ina kimo cha sentimita 15, hivyo kufika juu ni kupanda ngazi zipatazo 37, kisha kutembea upana wote wa barabara, kisha kushuka ngazi 37 nyingine. Kama daraja liko mita 300 kutoka unapotaka kuvuka, ongeza mita 600 za kwenda na kurudi. Mwenye gari hajaongezewa hata hatua moja. Sasa mpe safari hiyo mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la samaki kichwani, saa mbili usiku, kwenye daraja lisilo na taa. Nilimtazama mmoja pale Manzese, akasimama ngazi ya chini kabisa, akatazama juu, akashusha beseni, akapumzika, akalinyanyua tena na kuelekea kwenye upenyo wa uzio. Sikuona ukaidi kwake. Niliona mtu aliyelinganisha hatari mbili na kuchagua ile asiyoiona vizuri. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yenye kilomita zipatazo 50, ilizinduliwa mwaka 2012 kwa furaha ya haki kabisa, na bado watu wengi waligongwa wakiivuka, kwa kuwa ilipasua mitaa iliyokuwa na mazoea ya kuvukiana kwenda sokoni na shuleni.

Hapa pana ufafanuzi unaohitajika, ili nisieleweke vibaya. Kuwazuia watembea kwa miguu na bodaboda kwenye barabara ya kasi, kama ile ya juu ya Nairobi yenye kilomita 27 na malipo ya kupita, iliyofunguliwa mwaka 2022, si dhuluma kwa yenyewe. Hakuna anayemtakia bodaboda akimbizane na magari ya kilomita 80 kwa saa. Swali la kweli ni kilichobaki chini yake. Ikiwa anayelipa anapaa juu, na anayetembea chini anakuta njia yake imekatwa na nguzo, matope na vifusi, basi fedha na nafasi zimehamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, hata kama hakuna aliyefukuzwa.

Na hapa huja hoja inayorudiwa mno: wenye magari ndio wanaolipia barabara, watembea kwa miguu wanapewa bure. Si kweli leo na haikuwa kweli zamani. Wakati wa ukoloni barabara nyingi za wilayani zilichimbwa kwa mikono ya wanavijiji, na aliyeshindwa kulipa kodi aliweza kupelekwa kufanya kazi ya barabara badala yake. Leo tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara imo ndani ya nauli ya daladala na ndani ya bei ya kila fungu la nyanya lililosafirishwa. Bibi asiyewahi kumiliki hata baiskeli ameilipia lami maisha yake yote.

Kuhusu watu wenye ulemavu, maandiko yapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiwango kinachofaa; Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka huo huo. Umbali kati ya maandiko na kituo unaupima kwa sentimita. Ngazi ya kwanza ya basi la kawaida iko juu kiasi cha goti la mtu mzima. Vituo vya mwendokasi vilijengwa sakafu yake ikilingana na sakafu ya basi, na faida hiyo haikuwaendea wenye viti vya magurudumu peke yao: mjamzito, mzee, mwenye sanduku na mtoto wa chekechea wote waliacha kupanda mlima mlangoni. Ila dereva akisimamisha basi mbali na ukingo, ukaachwa mwanya wa shibri moja, kazi yote ya mhandisi inapotea kwenye mwanya huo.

Reli mpya ya Kenya, iliyozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwishoni mwa Mei 2017, inatuonyesha jinsi maswali ya zamani yanavyorudi katika sura mpya. Haina daraja la rangi ya ngozi. Inakwenda haraka, na wengi wanaipenda, nami nikiwa mmojawapo. Lakini stesheni zake kubwa ziko Miritini na Syokimau, nje ya miji, wakati zile za zamani zilikuwa katikati, kwa hiyo safari ya treni ina safari nyingine mbili, moja kila upande. Treni ya abiria kwenye reli ya zamani ilisitishwa mwaka huo huo wa 2017. Treni mpya inayosimama njiani hupitia Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Makindu haimo. Makindu ni mji uliozaliwa na reli, na wafanyakazi Masingasinga wa reli walijenga hekalu lao hapo mwaka 1926, hekalu ambalo hadi leo linamlisha msafiri yeyote anayeingia.

Kwa anayeuliza afanye nini na maarifa haya, mlango upo. Sheria za mazingira, ya Kenya ya mwaka 1999 na ya Tanzania ya mwaka 2004, zinataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na wananchi wanaoguswa wasikilizwe. Mikutano hiyo kwa kawaida huishia kwenye fidia ya viwanja, nayo ni muhimu. Ila aliyepo anaweza kunyoosha mkono na kumtaka mhandisi aonyeshe kwenye mchoro, kwa kidole, mahali ambapo mtoto wa shule atavukia, kituo kitakuwa umbali gani kutoka zahanati, nauli itakuwa sawa na sehemu gani ya kibarua cha siku, na mwenye magongo ataingilia mlango upi. Mchoro ukiwa bado wa karatasi, kuusogeza mstari ni kazi ya kalamu.